Mfalme Mwafrika Ako Juu Kaskazini na Hatumjui

Oktoba iliyopita transfoma ya mtaa wetu ililipuka na tukakaa giza siku tano. Simu ikiisha chaji hakuna cha kufanya, so nikapanda juu ya ploti, pale tunaanika nguo, nikaangalia kaskazini. Juu kidogo ya paa za mabati kuna nyota tano zimejipanga kama nyumba iliyochorwa na mtoto wa nasari, ila imepinduliwa, paa linaangalia chini.

Hiyo ni Kifausi. Wazungu huiita Cepheus, na Cepheus kwa hadithi za Wagiriki alikuwa mfalme wa Ethiopia. Jirani, wasee. Sawa, Ethiopia yao haikuwa na mipaka ya leo. Walimaanisha nchi ya watu weusi kusini ya Misri, na wengine wakaisogeza hadi Jaffa huko Mediterania. Lakini Ovid, mshairi wa Roma wa kama miaka 2,000 iliyopita, aliandika wazi kwamba Andromeda, binti ya huyu mfalme, alikuwa na ngozi nyeusi. Halafu enda uone vile Titian alimchora. Mweupe kama maziwa! Mkumbuke huyo binti, atarudi.

Majina ya nyota zenyewe yalitoka kwa Waarabu, na kwa Mswahili hata hayahitaji kamusi. Ile inang'aa zaidi ni Alderamin: dhiraa, yamini. Mkono wa kulia. Errai nayo ni mchungaji, mzizi mmoja na neno letu "raia", yaani wenye kuchungwa. (Sitaongeza kitu hapo.) Kwa sababu dunia inayumba polepole kama pia, kufikia mwaka 3000 hivi Errai ndiyo itakuwa inaonyesha kaskazini.

Lakini nyota yangu ni ingine, ndogo, haina hata jina tamu. Delta Cephei.

Mwaka wa 1784, huko York, Uingereza, kijana anaitwa John Goodricke aligundua kuwa hiyo nyota haitulii. Inapanda mwanga kwa haraka, inafifia polepole, inarudi pale pale kila baada ya siku 5 na saa kama 9. Goodricke alikuwa kiziwi tangu utotoni. Alikuwa na miaka 20. Kazi yake ilikuwa kulinganisha nyota na majirani wake, usiku baada ya usiku, na kuandika. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepewa medali ya Copley kwa kueleza nyota ingine, Algol: alisema huenda kuna kitu cheusi kinaizunguka na kuikinga. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kuthibitisha alikuwa sahihi.

Aprili 1786 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society, ile jumuiya kubwa ya wanasayansi. Siku chache baadaye akafa. Miaka 21.

Mimi nina 22. Nilitoka chuo mwaka wa pili, na tukikutana matangani shangazi bado ananiuliza nitarudi lini. Nikisoma huyu jamaa sijui nitiwe moyo ama nijifiche. Najua kwao kulikuwa na pesa, na rafiki yake Edward Pigott, jirani tu, alikuwa mnajimu pia, babake ako na vyombo vyake vya kutazamia. Hiyo sehemu huwa tunaruka tukisimulia watu kama hawa. Lakini kukaa kwa baridi kuandika namba hakuna mtu alimfanyia.

Nyota za aina ya Delta zikaitwa Cepheid. Huko Harvard, Henrietta Leavitt, ambaye pia masikio yalikuwa yanampotea, alizitafuta kwa picha akilipwa senti 30 za dola kwa saa. Mwaka wa 1912 akaonyesha kwamba Cepheid inayochukua siku nyingi kuzunguka ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Ni kama balbu: ukijua ni ya wati 100, halafu uione imefifia, unaweza kupiga hesabu iko umbali gani.

1923, Edwin Hubble akapata Cepheid ndani ya lile wingu la nuru liko kwa kundinyota la Andromeda. Hesabu yake ilikuja kama miaka nuru 900,000. Leo tunajua ni milioni 2.5, lakini hata hiyo ndogo ilitosha: lile halikuwa wingu letu, ni galaksi ingine kabisa. Nyota ya aina inayoitwa kwa jina la baba ndiyo ilitupimia njia hadi kwa binti. Leavitt alikuwa amekufa 1921, hakuona.

Zile usiku za giza nilijaribu vile Goodricke alifanya. Delta iko na majirani wawili karibu kabisa, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Usiku wa kwanza ilikuwa karibu sawa na mkubwa. Usiku wa nne ilikuwa imefifia kuliko hata yule mdogo. Niliandika nyuma ya risiti ya supa. Usiku wa sita stima zikarudi, mtaa mzima ukapiga nduru, na sikuiona tena.