Maumivu ya Kushuka Kilima

Ukipata kufika katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ewe msomaji, utaona kwamba mahali patambarare ni haba. Mashamba yamelala juu ya vilima, na kati ya safu za michai vimepita vijia vyembamba vya kupanda na kushuka. Tangu makampuni ya Kiingereza yalipoanza kupanda chai huko kwa wingi katika miaka ya 1920, maelfu ya watu wamepita katika vijia hivyo wakiwa na vikapu mgongoni. Na ingawa mashine za kuchumia zimekwisha kuingia katika mashamba makubwa, wengi bado wanaishi kwa nguvu za miguu yao. Huko Kericho ndiko alikozaliwa Wilson Kiprugut Chumo, ambaye mwaka 1964, mjini Tokyo, alipata medali ya shaba katika mbio za mita 800, nayo ikawa medali ya kwanza ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Kwa mchumaji na kwa mkimbiaji, mguu ukikataa kazi, riziki imekatika.

Sasa mwulize mtu wa vilima hivyo: mguu huumizwa na kupanda, au na kushuka? Atakujibu kwamba kupanda humaliza pumzi, lakini mapaja yanayokaza kama magogo kesho yake au kesho kutwa ni malipo ya kushuka. Wataalamu walichukua muda mrefu kulifikia jibu hilo. Mwaka 1902 Mmarekani mmoja, Theodore Hough, aliandika kwamba maumivu yanayokuja siku ya pili yaonekana kutokana na kupasuka kwa nyuzi ndogo ndani ya msuli. Lakini mwaka 1907 Fletcher na Hopkins, huko Cambridge, walionyesha kwamba msuli wa chura ukifanyishwa kazi pasipo hewa hujaa asidi ya laktiki, na tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 wakapewa Archibald Hill na Otto Meyerhof kwa uchunguzi wao wa misuli. Kazi ya mabwana hao ilikuwa njema. Watu wengine ndio waliotia chumvi, wakasema kwamba asidi hiyo hubaki mguuni kama sumu, na kwamba haina budi kukamuliwa. Walimu wengi wa michezo walifundisha hivyo, na wako wanaofundisha hivyo hata leo.

Mwaka 1983 jambo hilo lilipimwa huko Marekani. Watu walikimbizwa juu ya mashine, mara moja kama kwenye tambarare, na mara nyingine kama kwenye mteremko. Kwenye tambarare asidi ilizidi katika damu yao, lakini siku zilizofuata hawakuumwa. Kwenye mteremko asidi haikuzidi, nao wakaumwa! Sababu yake yafahamika vizuri sasa. Unapopanda, msuli wa paja hujikunja huku ukifanya kazi. Unaposhuka, msuli huo huo hufanya kazi ya kuuzuia mwili usianguke huku wenyewe ukivutwa na kurefuka, na hapo ndipo nyuzi zake huumia. Basi kukaza huko hakuna sumu ya kukamua. Ni msuli unaojitengeneza, wala haifai kuupigapiga au kuuvuta kwa nguvu. Yatosha kutembea polepole, kula na kulala, na kwa kawaida katika siku chache maumivu hutoweka. Tena ukishuka kilima hicho mara ya pili, maumivu hupungua, kwa kuwa msuli umekwisha kujizoeza.

Lakini msuli uliochanika hasa, au kifundo kilichoteguka, ni habari nyingine, na hapo mabishano ni ya zamani. Huko Liverpool katika karne ya 19 alikuwako daktari Hugh Owen Thomas, aliyeshika sana shauri la kukilaza kabisa kiungo kilichoumia, na kwa muda mrefu. Kinyume chake, Lucas-Championnière wa Paris alitaka hata mguu uliovunjika usuguliwe na kutikiswa mapema. Yafaa ujue kwamba Thomas alizaliwa katika ukoo wa waunga mifupa wa kienyeji wasiosoma chuo chochote, watu wa kazi ile ile iliyofanywa na waunga mifupa wa Wakipsigis na wa makabila mengine mengi ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo anayewacheka wazee hao na awacheke pia mababu wa daktari huyo.

Mwaka 1978 daktari Gabe Mirkin wa Marekani alieneza shauri la kupumzisha, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Shauri hilo lilienea duniani kote. Hata hivyo, mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Nionavyo mimi, msomi anayeligeuza neno lake mbele ya watu astahili heshima kuliko anayeling'ang'ania. Siku hizi mgonjwa huambiwa aulinde mguu siku chache za kwanza, kisha aanze kuukanyagia kidogo kidogo, kadiri maumivu yanavyomruhusu. Lakini asiyeweza kwenda hata hatua nne, au anayeumwa mfupa wa kifundo ukibonyezwa, aende hospitali apigwe picha; kanuni hiyo ilitungwa mjini Ottawa, Kanada, mwaka 1992. Alikadhalika shavu la mguu mmoja likivimba na kuwa moto pasipo jeraha, asingoje, maana huenda damu imeganda ndani.

Limebaki jambo moja la ajabu. Mwaka 1998 Håkan Alfredson wa Sweden alitoa habari za wakimbiaji 15 waliokuwa na maumivu sugu katika kano kubwa iliyo juu ya kisigino. Aliwaambia wasimame kwa vidole juu ya ngazi, wajiinue kwa mguu mzima, kisha wajishushe polepole kwa mguu mbovu, hata kama unauma. Baada ya majuma 12 wote 15 walikuwa wamerudi kukimbia. Kushuka kulekule kunakoumiza paja ndiko kulikowafaa kisigino! Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kuinua na kushusha uzito polepole kwafaa vilevile. Dawa hiyo haina bei, na kizingiti imara cha nyumba yoyote ya Bomet chatosha: mara 15, kwa mizunguko mitatu, goti likiwa limenyoka, kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni.