Utapeli wa fedha kwa simu

Utapeli wa fedha kwa simu ni wizi wa kumlaghai mtu atume pesa au ataje namba yake ya siri. Nchini Tanzania, ambako huduma ya fedha kwa simu ya M-Pesa ilianza mwaka 2008, ujumbe maarufu wa matapeli ni "ile hela tuma kwenye namba hii". Wakulima wa korosho wa Nanganga, Masasi na Newala wajihadhari hasa msimu wa malipo ya minada.

Dalili: kuharakishwa, vitisho, zawadi ya bahati nasibu usiyocheza.

Kinga: usimtajie yeyote namba ya siri, hakiki salio kabla ya kurudisha pesa "iliyokosewa", piga *106# kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ripoti ujumbe wa tapeli kwenda 15040.

Sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao, 2015.