Majilio ya Mwaka 1893 Kule Mengo

Majira haya ya Majilio kila mtu ana shughuli zake. Akina mama wanahesabu unga na sukari, wanakwaya wanafanya mazoezi hata usiku, na sisi wachungaji tunazunguka kutoka kanisa hili hata lile, tukibatiza na kufungisha ndoa, huku tukitayarisha ibada ya mkesha. Kazi ni nyingi, nayo ni kazi njema. Leo tunataka kuwasimulia habari za kijana mmoja aliyekuwa na kazi njema nyingi vivyo hivyo, na ambaye, mwishoni mwa mwaka wake wa tatu katika kazi hiyo, alikuwa karibu kuiacha yote.

Kijana huyo aliitwa George Lawrence Pilkington. Alizaliwa mwaka 1865 huko Ireland, akasoma lugha za kale katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kisha akawa mwalimu wa shule. Mwaka 1890, naye akiwa na umri wa miaka 24 tu, alitumwa na chama cha CMS kuja Afrika Mashariki. Ndugu zetu wa pwani wapate kujua kwamba kituo chake cha kwanza kilikuwa kwetu hapa, Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali pale walipokalishwa watumwa waliopewa uhuru wao. Hapo alingoja miezi kadhaa, akajifunza Kiswahili. Hakukaa bure.

Katikati ya mwaka ule msafara uliondoka pwani pamoja na Askofu Alfred Tucker, aliyekuwa amewekwa wakfu Aprili tu. Walikwenda kwa miguu kupitia nchi ambayo leo ni Tanzania, mpaka Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria. Hapo walikuta kaburi la Alexander Mackay, aliyekufa Februari mwaka ule ule, na hapo hapo wakazika wenzao wawili walioshikwa na homa. Krismasi ya mwaka 1890 iliwakuta bado wako safarini. Walifika Mengo, mji mkuu wa Buganda, tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya sikukuu, na kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu wapata elfu moja walikusanyika kumsikiliza askofu.

Na tuseme wazi, Kanisa hilo halikuanzishwa na Pilkington, wala hakulikuta changa lisilojua kuteseka. Wafia dini wa Buganda walikuwa wamekwisha kumwaga damu yao mwaka 1885 na 1886, na Askofu Hannington aliuawa Busoga mwezi Oktoba 1885. Pilkington alikuja kwa watu waliomtangulia katika moto.

Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusoma na kusomesha. Katika Buganda ya siku zile, Wakristo waliitwa wasomaji, kwa kuwa mtu aliyetaka kubatizwa alianza na karatasi za herufi, akaendelea mpaka aweze kujisomea Injili mwenyewe. Watu walinunua vitabu kwa simbi za kauri, maana hiyo ndiyo iliyokuwa fedha yao. Pilkington alifundisha, kisha akakaa kutafsiri. Mwenzake mkuu katika kutafsiri alikuwa Henry Wright Duta, Mganda, ambaye baadaye akawa kasisi. Twapenda kulitaja jina la Duta, kwa sababu mara nyingi vitabu humtaja mzungu aliyeshika kalamu na kumsahau Mwafrika aliyempa neno. Kiyunani cha Cambridge kingefaa nini, kama asingekuwako mtu wa kumwambia kwamba neno hili Waganda hawalisemi hivyo? Kufika mwaka 1893 Agano Jipya lote lilikuwa limekwisha katika Kiganda, na Biblia nzima ilimalizika mwaka 1896. Kwa kijana aliyefika mwisho wa mwaka 1890, hiyo ni kazi ya kustaajabisha.

Lakini siku hizo Kanisa la Buganda lilikuwa limepata kitu cha hatari, nacho ni nguvu ya dunia. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana pale Mengo kwa bunduki. Waprotestanti wakashinda kwa msaada wa Kapteni Lugard, na tangu hapo kuwa msomaji wa upande wa Waprotestanti kukawa njia ya kupata cheo na mashamba. Mwaka ule ule ilifunguliwa nyumba kubwa ya ibada juu ya kilima cha Namirembe, iliyojengwa kwa miti na matete. Krismasi ya 1892 maelfu ya watu walifika huko. Tarehe 31 Desemba mifupa ya Askofu Hannington ikazikwa pale pale Namirembe kwa heshima. Mtu angetazama Krismasi hiyo angesema, hapa injili imeshinda.

Mwaka mmoja baadaye mtu mmoja aliyeitwa Musa Yakuganda aliwaendea wamisionari akiwa na ombi la ajabu. Alitaka itangazwe kanisani kwamba amerudia desturi za zamani na kuacha Ukristo. Walipomwuliza sababu, akawajibu kwamba amesoma miaka saba, ameelewa maneno yote, lakini dini hii haimfaidii kitu.

Ndugu, hebu fikirini jibu hilo lilivyomwingia mtu kama Pilkington. Mchana na usiku alikuwa akitafuta maneno ya kuwapa watu, na huyu anakuja kumwambia kwamba maneno amekwisha yapata yote. Kama Musa angekuwa mjinga angefundishwa zaidi, na kama angekuwa mgeni angevumiliwa. Lakini huyu alikuwa mwanafunzi aliyefaulu! Na Pilkington hakumkasirikia, kwa sababu moyoni mwake mwenyewe alijua maneno yale si uongo mtupu. Baadaye, alipokuwa Uingereza, aliwaeleza vijana wa vyuo waziwazi kwamba baada ya miaka mitatu katika kazi asingeweza kuendelea kama alivyokuwa.

Akaenda peke yake kisiwa cha Kome, katika Ziwa Viktoria, akakaa huko siku kadhaa. Alikuwa amesoma kijitabu cha mhubiri mmoja Mtamil aliyeitwa David. (Tazameni njia za Mungu: Mwailandi yuko Buganda, na anasaidiwa na Mtamil.) Huko Kome aliona jambo moja ambalo tunaomba mlisikilize sana. Aliona kwamba amejitoa kwa Mungu mara mamia, lakini hajapokea alichopewa na Mungu. Kila mara yeye ndiye aliyekuwa akitoa. Alitoa elimu yake na nchi yake, akatoa na afya yake. Roho Mtakatifu aliyeahidiwa hakuwa amempokea kama mtu apokeavyo zawadi, kwa mikono mitupu.

Sisi watumishi wa Kanisa twajua vema kutoa wakati wa Krismasi. Twatoa sadaka, mahubiri, vyakula kwa wajane, nguo kwa mayatima. Ni mara ngapi tunafika usiku wa mkesha tumechoka, tumewahudumia wote, na hatujakaa hata robo saa mbele ya hori la Bethlehemu kama watu wasio na kitu? Wachungaji wa kondoo katika Luka 2 hawakusimuliwa kuwa walileta kitu chochote. Walikuja kuona.

Pilkington alirudi Mengo akawaeleza wenzake. Siku ya Ijumaa, tarehe 8 Desemba 1893, katika juma la kwanza la Majilio, ibada ya asubuhi iligeuzwa kuwa mkutano wa namna nyingine. Watu hawakuwa wameambiwa mapema. Yeye ndiye aliyeongoza. Aliwasimulia habari za Musa Yakuganda bila kuficha, kwamba mtu huyo amesema dini haimfaidii, na kwamba hilo ndilo lililowaonyesha hitaji lao wenyewe. Kisha akaomba. Mara watu mamia wakaanza kuomba kwa sauti, kila mtu maombi yake, wengine wakilia. Kukawa na kuungama dhambi, hata za watu wakubwa waliokuwa wakiheshimiwa kanisani, na siku zilizofuata mikutano ikaendelea.

Wengi wetu katika Kenya tumelelewa katika Uamsho uliotoka Rwanda na Uganda ukafika kwetu mwaka 1937, nasi tumezoea watu kusimama na kuungama nuruni. Mwaka 1893 jambo hilo lilikuwa geni kwa Waanglikana, tena geni sana kwa mwalimu kutoka Cambridge. Ni vema tukumbuke pia kwamba lilianzia kwa mwalimu mwenyewe. Mara nyingi sisi viongozi twapenda uamsho uanzie kwa vijana.

Matunda yake tunaweza kuyahesabu. Desemba 1893 nyumba ndogo za kusomea na kusali huko mashambani, nje ya mji mkuu, hazikuzidi 20. Desemba 1894 hazikupungua 200. Wazungu wachache wasingeweza kufanya hivyo. Waganda wenyewe walitoka wakaenda kufundisha. Na katika mwaka huo huo wa 1894 ile nyumba kubwa ya Namirembe, iliyojaa maelfu siku ya Krismasi ya 1892, iliangushwa na dhoruba.

Limebaki jambo moja la Desemba nyingine, nalo si jepesi kwetu. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliokuwa wakiitumikia serikali ya Waingereza waliasi, wakaingia katika boma la Luba huko Busoga, katika nchi ya yule chifu ambaye Hannington aliuawa kwake. Pilkington alifuatana na jeshi la serikali akiwa mkalimani. Tunaosoma habari hizi leo twaweza kuuliza kama mfasiri wa Biblia alipaswa kuwa katika vita ile. Kwa maoni yetu, ingekuwa heri Kanisa na bunduki visingetembea pamoja hivyo katika Buganda, maana Januari 1892 ilikuwa imekwisha kuonyesha madhara yake. Lakini hatumhukumu mtu aliyewafuata Wakristo wake, marafiki zake, mahali walipokuwa wakifa.

Jumamosi tarehe 11 Desemba alipigwa risasi katika shamba la migomba. Alikuwa na miaka 32. Karibu naye alikuwako kijana wa Kiganda aliyekuwa akimhudumia, jina lake Aloni. Kijana alipoona kwamba bwana wake anakufa, hakumdanganya. Alimwambia kwamba kifo kimekuja, kisha akamkumbusha maneno ambayo Bwana Yesu alimwambia Martha, dada yake Lazaro, habari za mtu amwaminiye. Pilkington akamwitikia kwamba ndivyo ilivyo, kama alivyosema.

Mwaka 1898 mwili wake uliletwa Namirembe ukazikwa huko.