Akili iliyobaki porini: historia ya jamii kumrudisha mtu wake, na somo lake kwa Nyunzu

Nyunzu, mkoani Tanganyika. Katika familia nyingi zilizokimbia vita kati ya Waluba na Watwa, kuna mtu mmoja ambaye ndugu zake wanasema hajarudi. Mwili ulifika, lakini akili ilibaki porini. Pengine ni mama asiyelala usiku, anayeshtuka kila mbwa anapobweka. Pengine ni kijana anayeanza lutuku asubuhi kabla ya kula chochote. Pengine ni baba aliyekuwa mpole, na sasa anapiga watoto bila sababu. Majirani wana majibu yao: huyu amerogwa, yule ni mlevi tu. Familia inabaki na swali moja: apelekwe wapi?

Swali hilo si jipya. Watu wa Kongo na wa nchi jirani wamelijibu kwa njia nyingi kwa zaidi ya miaka 100. Walijaribu sheria, walijaribu kuta za hospitali za mbali, walijaribu kamba na minyororo nyumbani. Njia iliyosaidia wengi ndiyo iliyochelewa kupewa nafasi: mgonjwa kutunzwa karibu na watu wake, na watu hao kufundishwa namna ya kumtunza.

Vita na kilio kilichokatizwa

Mapigano kati ya wanamgambo wa Kiluba na wa Kitwa yalianza mwaka 2013, na eneo la Nyunzu likawa moja ya sehemu zilizoumia zaidi. Tarehe 30 Aprili 2015, wanamgambo wa Kiluba walishambulia kambi ya wahamaji ya Vumilia 1, iliyokuwa na Watwa wengi. Shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba watu wasiopungua 30 waliuawa. Vijiji vya Waluba pia vilichomwa na watu wake kuuawa. Mwezi Februari 2017 viongozi wa pande zote mbili walikutana Kalemie katika kongamano la amani, lakini kufikia mwisho wa mwaka huo zaidi ya watu 600,000 mkoani Tanganyika walikuwa wamekimbia makwao.

Hesabu hizo zinataja nyumba na roho za watu. Hazitaji kilio. Katika maisha ya kawaida, mtu akifa, watu hukaa pamoja, hulala nje na wafiwa, hupika, huimba, humsemesha aliyenyamaza. Siku hizo ni dawa, hata kama hakuna anayeziita hivyo. Aliyekimbia usiku akaacha maiti ya ndugu yake njiani hakupata kilio. Alifika kwenye kambi kati ya watu wasiomjua, kila mmoja na mzigo wake. Vita vilimwondolea ndugu, na pia vilimwondolea wale ambao wangemlia pamoja naye.

Pale ambapo kilio hakikufanyika, chupa hupata nafasi.

Lutuku na sheria

Pombe haikuletwa Nyunzu na vita hivi. Malafu ya ngazi na pombe za nafaka zimenywewa tangu zamani, na zilikuwa na wakati wake: mavuno, mahari, mazungumzo ya wazee. Pombe kali iliyochemshwa ni jambo lingine, na ilileta hofu mapema. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia biashara ya pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika, Kongo ikiwa ndani yake. Mwaka 1919 mkataba wa Saint-Germain-en-Laye uliendeleza marufuku hiyo.

Kati ya mikataba hiyo miwili, mwaka 1915, reli kutoka Kabalo ilifika Kalemie, mji ulioitwa Albertville wakati huo, ikipitia Nyunzu. Reli ilileta kazi na mishahara, ikaleta pia vijana waliokaa mbali na wazee wao. Pombe ya mahindi na mihogo ilichemshwa kwa siri, na lutuku ikaendelea kuuzwa licha ya sheria. Mama mwenye pipa la kuchemshia alikimbizwa na polisi, akarudi kuchemsha, kwa sababu pesa hiyo ndiyo iliyolisha watoto. Hata leo, katika familia nyingi za wahamaji ambazo hazina shamba, hesabu ni hiyohiyo.

Marufuku ilishughulika na chupa. Haikumuuliza mnywaji kwa nini anakunywa, wala haikumpa mtu wa kukaa naye siku alipotaka kuacha.

Kuta za mbali

Jibu la pili la serikali za kikoloni lilikuwa ukuta. Mjini Nairobi, mwaka 1910, jengo lililokuwa la kutengea wagonjwa wa ndui liligeuzwa kuwa mahali pa kuwafungia wagonjwa wa akili. Baadaye likaitwa Mathari. Huko Tanganyika ya Waingereza, hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927. Kongo, baada ya uhuru, ilipata kituo kikubwa cha chuo kikuu mjini Kinshasa mwaka 1973.

Hospitali hizo ziliokoa maisha, na bado zinaokoa. Kuna magonjwa ya akili ambayo bila dawa ya daktari hayatulii. Lakini kati ya Nyunzu na Kinshasa kuna zaidi ya kilomita 1,000, na familia isiyo na nauli ya kufika Kalemie haiwezi hata kufikiria safari hiyo. Tena anayepelekwa mbali hurudi na jina. Anaitwa kichaa hata akiwa amepona, na hakuna anayemwazima jembe.

Nyumbani nako hakukuwa salama siku zote. Wapo waliofungwa kamba kwenye mti. Wapo waliopelekwa kwenye vyumba vya maombi wakanyimwa chakula ili pepo atoke. Wengi waliofanya hivyo hawakuwa na chuki. Waliogopa, walichoka, na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine. Kwa hiyo kusema tu kwamba jamii ndiyo dawa hakutoshi. Jamii isiyofundishwa inaweza kuumiza kuliko ukuta.

Mji uliofungua milango

Njia nyingine ina mizizi ya zamani, na mojawapo iko katika nchi iliyoitawala Kongo. Kule Ubelgiji kuna mji unaoitwa Geel. Tangu karne nyingi, familia za mji huo zimekuwa zikipokea wagonjwa wa akili nyumbani mwao. Mgeni alikula mezani na wenye nyumba, alisaidia shambani, alijulikana kwa jina lake. Mwaka 1938 mji huo ulikuwa na wagonjwa zaidi ya 3,700 waliokaa kwa familia. Daktari alikuwepo karibu kwa aliyezidiwa, lakini nyumba ilikuwa ya kwanza.

Katika nchi hiyohiyo, mjini Ghent, daktari Joseph Guislain wa karne ya 19 alipinga minyororo, akifanya kazi pamoja na watawa wanaoitwa Ndugu wa Upendo, Frères de la Charité kwa Kifaransa. Jina lake liko leo kwenye kituo cha wagonjwa wa akili mjini Lubumbashi. Watawa hao walianzisha kazi kama hiyo katika ukanda wote wa Maziwa Makuu: Ndera nchini Rwanda mwaka 1968, Kamenge mjini Bujumbura mwaka 1981, na SOSAME mjini Bukavu mwaka 1994, mwaka ambao mauaji ya Rwanda yalisukuma watu wengi sana kuvuka mpaka. Kituo cha Goma kilipewa jina la Kiswahili, Tulizo Letu. Jina hilo linasema kwamba tulizo si la mgonjwa peke yake, ni la watu wote.

Vikundi vya akina mama wa Kivu

Hata hivyo vituo hivyo viko mijini. Kijijini, ambako hakuna daktari wa akili, jibu lilipatikana Kivu ya Kusini mwaka 2011. Shirika la International Rescue Committee na watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walifanya kazi na wanawake 405 wa vijiji 15, wote wakiwa wamepitia au kushuhudia ukatili wa kingono. Katika vijiji 8, kila mwanamke alipata msaada wa mtu mmoja kwa mmoja alipouhitaji. Katika vijiji 7, wanawake walikaa pia katika vikundi vidogo, wakikutana mara 11, kila mara kwa muda wa saa 2.

Walioongoza vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama Wakongomani, wenye masomo ya sekondari, waliofundishwa kisha wakafuatiliwa katika kazi yao. Wanawake wengi hawakujua kusoma, basi masomo yalibadilishwa ili yashikwe kwa kichwa. Walijifunza kulitazama wazo linalowala, kama lile la kusema kosa lilikuwa langu, na kuuliza kama ni kweli.

Miezi 6 baada ya kumaliza, katika vijiji vya vikundi, wanawake 9 kati ya 100 ndio waliobaki na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vingine walikuwa 42 kati ya 100. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na madaktari wa dunia nzima waliyasoma. Kwa watu wa Nyunzu, kuna jambo moja zaidi la kukumbuka: wakati huo vita vya Kivu vilikuwa havijaisha. Akina mama hao hawakungoja amani ifike ndipo waanze kupona.

Walevi wa Eldoret

Kuhusu pombe, mfano wa karibu uko Eldoret, magharibi mwa Kenya, ambako chang'aa huchemshwa kama lutuku. Huko, katika mpango wa AMPATH unaotibu watu wenye virusi vya UKIMWI, watu 614 waliokuwa wakinywa kupita kiasi waliwekwa katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Walikutana mara 6, kila wiki mara moja, kwa Kiswahili. Waliowaongoza hawakuwa na shahada za chuo katika tiba ya akili. Walikuwa watu wa pale waliofundishwa kazi hiyo.

Kikundi hakikuanza kwa kulaani mlevi. Kila mmoja alitafuta saa yake ya hatari: siku ya soko, siku ya mshahara, rafiki fulani, njia fulani ya kurudi nyumbani. Kisha alijizoeza namna ya kukataa glasi bila kugombana na mwenzake. Vikundi vingine vilifundishwa afya kwa jumla, na hata humo unywaji ulipungua. Lakini waliofanya zoezi la kuacha pombe walipunguza zaidi, na tofauti hiyo ilionekana bado miezi 9 baadaye.

Nyunzu ina nini mkononi

Kazi hiyo inaweza kufanyika Nyunzu bila kuanza na jengo jipya. Tangu miaka ya 1980, nchi iligawanywa katika maeneo ya afya, 306 wakati huo, ili huduma ya kwanza iwe karibu na kijiji. Kuna wahamasishaji wa afya wanaoitwa RECO, wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya chanjo na malaria. Kuna mabaraza ya amani ambamo Waluba na Watwa wamejifunza kukaa kwenye mkeka mmoja. Kuna vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, na kwaya za makanisa. Hivyo vyote ni duara ambazo tayari zimekaa. Kinachokosekana ni mafunzo, mtu wa kuwafuatilia waliofundishwa, na dawa kwenye kituo cha afya kwa wale ambao mazungumzo peke yake hayawatoshi.

Kuna mambo ambayo familia inaweza kuyashika tangu leo. Mtu aliyekunywa lutuku kila siku kwa muda mrefu asifungiwe ndani aache ghafla: anaweza kutetemeka sana, kuona vitu visivyopo, hata kupata kifafa na kufa. Apelekwe kituo cha afya aache chini ya uangalizi. Mtu anayesema heri nife asiachwe peke yake usiku huo, na asiambiwe kwamba anatafuta huruma. Anayechanganyikiwa asifungwe kamba, asinyimwe chakula. Maombi yaendelee kwa anayeyataka, lakini dawa ya daktari isikatizwe kwa ajili ya maombi.

Aliyeacha pombe miezi michache akaanguka siku moja, asifukuzwe. Kuanguka ni sehemu ya safari ya wengi waliopona, na anayefukuzwa siku hiyo anajua vizuri mlango gani bado uko wazi: ule wa muuza lutuku.

Wazee wanasema kidole kimoja hakivunji chawa. Kamba, ukuta na sheria vilijaribiwa, kila kimoja peke yake, na aliyeachwa porini hakurudi. Aliyerudi alikuta watu wamekaa pamoja wakimngoja, wakijua jina lake, na mmoja wao akijua la kufanya.