Daftari za Padre Mwekundu



Jioni za wiki hii tumekuwa tukisikiliza rekodi mpya ya koncheto za Antonio Vivaldi, yaani muziki ambamo ala moja hujibizana na kundi zima. Iliyotushika zaidi ni ile ya basuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito, inayojulikana kwa namba RV 484. Katika sehemu yake ya polepole basuni huongea kama mzee asimuliaye habari zake bila haraka, nazo fidla humpisha aseme. Wapigaji hawakuikimbiza, na kwa hilo twawashukuru.

Vivaldi alikuwa padre wa Venice. Alipewa daraja Machi 1703, na kwa rangi ya nywele zake watu wakamwita Padre Mwekundu. Kifua kilimbana, akaacha mapema kuadhimisha Misa. Wapo wanaoshangaa kwamba pumzi hazikumpungukia katika safari na opera. Sisi tulio katika daraja hilo hatuna haraka ya kumhukumu. Mwaka huohuo aliajiriwa na Pietà, nyumba iliyolea watoto walioachwa na wazazi wao, awafundishe wasichana kupiga fidla. Walipiga nyuma ya wavu wa chuma. Wageni walitoka nchi za mbali kuwasikiliza, wasizione nyuso zao.

Alifariki Vienna, Julai 1741, akazikwa kimaskini, na sehemu kubwa ya kazi zake ikasahauliwa.

Mwaka 1926 shule moja ya Wasalesiani huko Borgo San Martino, kaskazini mwa Italia, ilitaka kuuza maandiko ya muziki ya zamani iliyokuwa nayo. Maktaba ya Taifa ya Turin ikamwomba Profesa Alberto Gentili ayachunguze. Mlikuwamo daftari 14 za Vivaldi! Lakini maktaba haikuwa na fedha. Mwaka 1927 Roberto Foà, dalali wa hisa, alizinunua na kuzitoa zawadi kwa ukumbusho wa Mauro, mwanawe aliyefariki angali mdogo.

Gentili akang'amua kwamba ile ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ilipatikana Genoa kwa mrithi wa ukoo wa kikabaila, na mwaka 1930 ikanunuliwa na Filippo Giordano, mwenye biashara ya nguo. Naye alikuwa amemzika mwanawe, Renzo. Daftari zote zikawa 27.

Gentili alikuwa Myahudi. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilimwondoa chuoni, na mji wa Siena ulipofanya wiki nzima ya muziki wa Vivaldi, Septemba 1939, yeye alikuwa amekwisha kunyimwa kazi yake.

Daftari hizo zingali Turin, na tangu mwaka 2000 upo mradi wa kurekodi muziki wake wote uliomo. Rafu zake hubeba majina ya Foà na Giordano, na mikusanyo yenyewe huitwa kwa ukamilifu Mauro Foà na Renzo Giordano. Mpiga basuni atakaye kuuona mwandiko wa Padre Mwekundu huuomba kwa jina la mmoja wa watoto hao.