Chupa Nyeusi ya Hamira na Damu ya Mama Mjamzito

Leo tutaanza na ladha, halafu tutaingia katika historia, na mwisho tutarudi nyumbani kwako, jikoni na kliniki.

Huenda umeiona chupa ndogo nyeusi yenye kifuniko cha manjano kwenye rafu ya duka kubwa, karibu na jemu na asali. Pengine umefanya kazi katika nyumba ambayo watoto hupakiwa kitu hicho kwenye mkate kila asubuhi. Inaitwa Marmite. Anayeionja kwa mara ya kwanza mara nyingi hukosea jambo moja. Anaona weusi wake na jinsi inavyovutika, anadhani ni tamu kama asali, anachota kijiko kizima. Maskini! Chumvi inamjaa kinywani, uchungu unafuata, na harufu yake ni kama mchuzi wa nyama uliokauka sufuriani. Wengine hutema papo hapo. Wengine hufundishwa kupaka kidogo tu, chembamba, juu ya mkate wenye siagi, na baada ya siku chache wanaizoea. Kule Uingereza inakotengenezwa, watu wamegawanyika: kuna wanaoipenda mno na kuna wasiotaka hata kuinusa.

Sikukuita leo nikuuzie chupa. Nimekuita kwa sababu kitu hicho cheusi kiliwahi kurudisha uhai kwa akina mama wajawazito waliokuwa wakififia kwa kukosa damu. Na kilichowaponya ndicho kilichomo katika kile kidonge unachopewa kliniki, ambacho pengine umekificha chini ya godoro.

Kwanza tujue kilikotoka. Wewe unaijua hamira. Unaiweka kwenye unga wa mandazi, unafunika, na baada ya muda unga unafura. Hamira ni viumbe hai vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Watengenezaji wa bia nao hutumia hamira. Bia ikishakuwa tayari, hamira nyingi hubaki chini ya pipa, na zamani viwanda havikujua la kufanya nayo. Katika karne ya 19, mwanakemia Mjerumani aliyeitwa Justus von Liebig aligundua kwamba mabaki hayo yanaweza kukolezwa yakawa chakula. Mwaka wa 1902 kampuni ya Marmite ilianzishwa Burton upon Trent, mji wa Uingereza uliojaa viwanda vya bia. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake chungu cha kupikia, na hadi leo utaona picha ya chungu kwenye chupa. Baadaye Waaustralia nao wakatengeneza ya kwao, Vegemite, iliyoingia madukani mwaka wa 1923.

Mama mmoja anaweza kuuliza, "Je, hiyo si pombe?" La, si pombe na hailevishi. Lakini asije mtu akasema kwamba basi machicha ya busaa au bia yenyewe huongeza damu kwa mjamzito. Hapana! Pombe humdhuru mtoto aliye tumboni. Tusichanganye mambo hayo mawili.

Mwaka wa 1912 mwanasayansi Casimir Funk, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, alitoa jina ambalo sote tunalitumia leo: vitamini. Watu walianza kuelewa kwamba mtu anaweza kushiba kila siku na bado akaugua, kwa sababu chakula chake kimekosa vitu fulani vidogo ambavyo mwili hauwezi kuishi bila hivyo. Ikaonekana pia kwamba hamira ina vitamini nyingi za kundi la B. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanajeshi wa Uingereza walipewa Marmite katika chakula chao.

Sasa twende India. Mwaka wa 1928 daktari Mwingereza aitwaye Lucy Wills alifika Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai. Alikuwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amesoma mimea na miamba katika Chuo Kikuu cha Cambridge, wakati ambapo chuo hicho kiliwaruhusu wanawake kufanya mitihani lakini hakikuwapa shahada. Baadaye alisomea udaktari katika chuo cha wanawake mjini London, akahitimu mwaka wa 1920. Daktari mwenzake, Margaret Balfour, ndiye aliyemwita India kuja kuchunguza jambo lililowatia hofu wauguzi wa huko. Wanawake wajawazito waliofanya kazi katika viwanda vya nguo walikuwa wakiishiwa damu, na wengi walikufa.

Hebu wawaze akina mama hao. Mwanamke amebeba mimba ya miezi saba, anashinda kiwandani, jioni anawapikia watoto. Kwanza anachoka. Kisha anashindwa kupanda ngazi bila kuhema. Viganja vinapauka. Majirani wanamwambia, "Ndiyo mimba hiyo, vumilia." Naye anavumilia, hadi siku ya kujifungua inapomkuta hana damu ya kupoteza.

Madaktari walipotazama damu ya wagonjwa hao kwa hadubini, waliona jambo la ajabu. Mtu aliyekosa madini ya chuma huwa na chembe nyekundu za damu ndogo na zilizopauka. Za akina mama hawa zilikuwa kubwa kupita kawaida, lakini chache. Tatizo lao halikuwa chuma peke yake. Zilifanana na za wagonjwa wa upungufu mwingine wa damu uliokuwa ukiua watu Ulaya na Marekani. Mwaka wa 1926 George Minot na William Murphy wa Boston walikuwa wametangaza kwamba wagonjwa wa namna hiyo hupata nafuu wakila ini kwa wingi. Lakini ini ni ghali kwa maskini, na India kuna watu wengi ambao hawali nyama kabisa.

Lucy Wills hakubaki hospitalini tu. Alichunguza namna wanawake wa matabaka mbalimbali walivyoishi na walivyokula. Akaona kwamba waliougua zaidi ni wale maskini kabisa, ambao chakula chao kilikuwa duni kuliko cha wote, bila matunda na mboga za kutosha. Akalisha panya chakula kama kile. Panya wenye mimba wakaishiwa damu. Alipowaongezea hamira, hawakuugua. Baadaye ilijulikana kwamba panya wale walikuwa pia na ugonjwa ulioenezwa na chawa, kwa hiyo jaribio lile halikutosha. Hakukata tamaa. Akajaribu kwa nyani wadogo, nao wakaishiwa damu kwa chakula hicho. Alipowapa Marmite, damu ikarudi.

Ndipo akawapa akina mama wenyewe. Hakuwapa dawa ya gharama kubwa, aliwapa kile kitu cheusi cha kupaka mkate. Katika siku chache tu hamu ya kula ilirudi, na miili yao ikaanza kutengeneza chembe mpya za damu. Wanawake waliokuwa wamelala bila nguvu wakaanza kuinuka. Mwaka wa 1931 aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari wa Uingereza, na dunia ikajua.

Lakini ni kitu gani ndani ya hamira kilichowaponya? Yeye mwenyewe hakukijua. Alijua kwamba kipo, na kwamba si sawa na kile cha ndani ya ini kilichowaponya wagonjwa wa Boston, kwa sababu dawa ya ini iliyosafishwa sana haikuwasaidia akina mama hawa. Kwa miaka kadhaa wenzake walikiita kwa jina lake, "kitu cha Wills". Mwaka wa 1941 wanasayansi huko Texas, Marekani, walichukua tani 4 za spinachi wakapata kiasi kidogo sana cha kitu kilichofanya kazi ileile. Wakakiita asidi ya foliki, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani. Kufikia mwaka wa 1945 kilikuwa kikitengenezwa maabarani. Lucy Wills aliendelea kuchunguza lishe na damu ya akina mama hadi uzeeni, na alifariki mwaka wa 1964.

Mama, hapa ndipo historia inapokufikia wewe. Foliki ndiyo inayouwezesha mwili kutengeneza chembe mpya. Mjamzito anajenga mtu mzima ndani ya mwili wake, pamoja na kondo la nyuma na damu ya ziada. Ndiyo maana akiba yake huisha upesi. Na kuna jambo ambalo Lucy Wills hakulijua. Mwaka wa 1991 utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi kadhaa ulionyesha kwamba mama akitumia foliki kabla ya kushika mimba na katika majuma ya mwanzo, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi hupungua sana. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 za kwanza. Wakati huo mama wengi hata hawajajua kwamba ni wajawazito. Kwa hiyo, dada unayepanga kupata mtoto, usingoje tumbo lionekane. Nenda uulizie foliki mapema.

Je, ukanunue Marmite? Ukipenda na ukiwa na uwezo, onja. Lakini si lazima. Ina chumvi nyingi, hivyo mwenye shinikizo la damu ajihadhari, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama peke yake. Kile kilichomo ndani ya chupa hiyo unacho sokoni kwa bei nafuu: maharagwe, ndengu, kunde na majani yake, terere, managu, sukuma wiki, machungwa, parachichi, na maini ukijaliwa. Ila foliki huharibiwa na moto mwingi na huyeyuka katika maji. Usichemshe mboga hadi zipondeke, kisha ukamwaga maji yake. Osha kwanza, ndipo ukate. Pika kwa muda mfupi.

Tangu mwaka wa 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na unga wa mahindi wa viwandani uongezwe vitamini na madini, foliki na chuma vikiwemo. Soma paketi uhakikishe. Unga wa kusagwa kwa posho mill haujaongezwa, kwa hiyo anayekula huo azidishe mboga na jamii ya maharagwe.

Tena usiache vidonge vya kliniki. Kidonge kimoja kina miligramu 60 za chuma na miligramu 0.4 za foliki, na humezwa kila siku. Najua malalamiko. "Kinanitia kichefuchefu." Jaribu kukimeza usiku, baada ya kula kidogo. "Choo kimekuwa cheusi." Hiyo ni rangi ya chuma, usiogope. "Wanasema mtoto atakuwa mkubwa nishindwe kuzaa." Hiyo si kweli. Usikimeze pamoja na chai, maana chai huzuia chuma kuingia mwilini. Usijinunulie vidonge vya foliki vyenye nguvu zaidi bila kuuliza, hasa ukiishi Pwani au kando ya Ziwa Viktoria, ambako wajawazito hupewa dawa ya kuzuia malaria. Foliki nyingi kupita kiasi hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Na viweke mbali na watoto, kwa sababu vidonge vya chuma vikimezwa na mtoto vinaweza kumuua.

Kumbuka pia kwamba damu hupungua kwa njia nyingi: malaria, minyoo, selimundu, kuzaa kwa kufuatanisha. Ndiyo sababu unatolewa damu ya kupimwa kliniki. Ukijiona unatamani udongo au mawe ya odowa, unahema ukitembea kidogo, moyo unadunda mbio, au viganja na ndani ya kope vimepauka, usiseme ni uchovu wa mimba. Nenda ukapimwe leo.

Nawe nyanya au mama mkwe unayemlea binti huyu, usimwambie avumilie. Wanawake wa Bombay waliambiwa wavumilie. Walichohitaji ni mtu wa kuwauliza wanakula nini, na kijiko cha kitu ambacho wengine walikiona mabaki.

Basi mama, kabla ya kulala leo, inua godoro. Kama vidonge vipo, kimoja ni cha usiku huu. Kaa salama, tukutane katika mazungumzo yajayo.