WAPIGANAJI WASIO NA MAJINA: VITA VYA MSUMBIJI VILIVYOANZIA KWENYE PAMBA

Ukitaja vita vya ukombozi wa Msumbiji, jina la kwanza kuja ni Samora Machel. Sawa, alikuwa jembe kweli. Ila vita haipigwi na mtu mmoja. Kuna maelfu ya vijana walioingia msituni, na leo wengi wao hawajulikani zaidi ya kwa ndugu zao.

Sasa kilichowapeleka kule ni nini? Wengi hawakuwa wamesoma hata kitabu kimoja cha siasa. Walichokijua ni pamba. Mreno alilazimisha familia kulima pamba, halafu inanunuliwa kwa bei ya chini isiyo na mjadala. Muda wa kulima chakula haupo, njaa inaingia ndani. Ukishindwa kulipa kodi, unapelekwa shibalo, yaani kazi ya kulazimishwa. Ndiyo maana Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kuja kukata mkonge Tanganyika.

Halafu ikaja Mueda, tarehe 16 Juni 1960. Watu wamekusanyika mbele ya ofisi ya serikali kudai haki zao, wakamiminiwa risasi. Kwa vijana wengi wa Cabo Delgado, mjadala uliisha siku ile. Kuomba kumeshindikana.

FRELIMO ikazaliwa Dar es Salaam mwaka 1962. Vijana wakapelekwa mafunzoni, wengine Algeria, wengine Kongwa kule Dodoma, baadaye Nachingwea. Usiku wa 25 Septemba 1964 wakashambulia kituo cha Wareno pale Chai. Waliokuwa wamefunzwa ni kama 250 tu, na wanaanzisha vita na jeshi la nchi ya NATO!

Maisha ya msituni hayakuwa ya sinema. Mshahara hakuna. Silaha zinatoka mpakani kwa miguu, siku na siku, mzigo kichwani. Chumvi shida, sabuni shida, nguo ndiyo usiseme. Malaria ipo, mabomu ya ardhini yapo, na ndege ziko juu. Moshi wa kupikia tu ungeweza kukuletea bomu.

Na mizigo ile haikubebwa na wanaume peke yao. Wanawake walibeba risasi, wakalima chakula cha wapiganaji, na kuanzia 1967 wakaanza kufunzwa kijeshi wenyewe. Mkulima aliyetoa mihogo yake naye alikuwa vitani, maana Mreno akigundua, kijiji kinachomwa.

Mwaka 1970 Wareno walimwaga askari zaidi ya 30,000 kumaliza kazi. Haikuisha. Hata vijana wa Kireno, walioandikishwa kwa lazima, walikuwa wamechoka. Tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi wao wenyewe wakapindua serikali kule Lisbon.

Bendera ya Msumbiji ikapanda 25 Juni 1975. Aliyeingia msituni na miaka 18 sasa anakaribia 30. Hajajenga, shule iliishia njiani, rafiki zake wengine wamelala kwenye makaburi yasiyo na alama. Alichopata ni kimoja: mtoto wake halimi tena pamba ya Mreno.

Ukikutana na mzee wa Kimakonde pale Mtwara, Newala au Masasi anayeikumbuka miaka ile, weka simu pembeni umsikilize. Wanaondoka mmoja mmoja, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote.